Sikio Lililo Kazini: Kiswahili na Kiingereza Usukumani

Katika mashauri anayopewa mtu atakaye kujua Kiingereza, moja hurudiwa sana siku hizi: asikilize mazungumzo ya kila siku ya watu wanaokisema, leo juu ya soko, kesho juu ya maradhi, keshokutwa juu ya safari au mvua, mpaka sikio lizoee na ulimi ufuate. Shauri hili laonekana jipya kwa sababu simu za mkononi zimelirahisisha. Kwa asili yake, hata hivyo, ni la kale, na historia ya nchi yetu yaweza kutuonyesha mahali lilipofaa na mahali liliposhindwa. Nia ya makala haya ni kulipima kwa historia ya upande mmoja wa nchi, yaani Usukuma wa mashariki, ambamo imo Kimali katika Mkoa wa Simiyu.

Tuanze na hali ya lugha ya mahali kama Kimali. Mtoto wa huko hupokea Kisukuma akiwa bado mgongoni mwa mama. Kiswahili hukikuta mnadani, zahanatini, redioni na shuleni. Kiingereza hukikuta ubaoni. Lugha mbili za kwanza huzisikia zikifanya kazi za watu kabla hajaambiwa azisome. Ya tatu huandikiwa kabla hajaisikia ikimwita mtu kula, au ikipatana bei ya mbuzi, au ikimpa pole mfiwa. Baadaye mtoto huyo akishindwa katika Kiingereza, wengi husema kwamba hana akili au hana bidii. Kabla ya kukata hukumu hiyo yatupasa kuuliza jinsi wazee wake walivyojifunza lugha ya kigeni, maana walijifunza, tena vizuri.

Lugha hiyo ya kigeni ilikuwa Kiswahili. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa mashuhuri kwa kazi ya upagazi. Walikwenda pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba, safari ya miezi mingi kwa miguu. Njiani na katika kambi, na zaidi Bagamoyo ambako misafara iliishia, walisikia Kiswahili kikisemwa katika mambo ya kila namna: uzito wa mzigo, posho ya siku, ushuru wa mtawala fulani, maji yaliko, ugonjwa wa mwenzao, deni na malipo yake. Hawakuwa na sarufi wala kamusi, na wengi wao hawakuwa wamepata kushika kalamu. Hata hivyo walirudi makwao na lugha, na kwa njia hiyo Kiswahili kilitangulia kufika bara kabla ya serikali yoyote kukiamuru.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Hatuwezi kusema kwamba mpagazi alijifunza kwa kusikiliza tu. Alisikiliza kwa haja. Asipoelewa neno la kiongozi wa msafara, aliweza kupotea. Asipoelewa hesabu ya posho, aliweza kulala na njaa. Kila alichokisikia kilikuwa na kitu mbele ya macho cha kukieleza: mzigo ulikuwapo, mto ulikuwapo, mtu aliyekunja uso alikuwapo. Tena alijibu, akakosea, akachekwa, akajirekebisha. Sikio lake lilikuwa kazini.

Habari hiyo ilijirudia kwa sura nyingine wakati wa pamba. Chini ya utawala wa Waingereza zao hili lilienea Usukuma mzima, na mkulima alikabiliana na mizani, bei na risiti. Mnunuzi na karani mara nyingi hawakuwa Wasukuma, na maneno yao na mkulima yalipita kwa Kiswahili. Malalamiko ya wakulima juu ya mizani ya udanganyifu yalikuwa mojawapo ya sababu za kuanzishwa kwa vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani na wenzake katika miaka ya 1950, ambavyo mwaka 1955 viliunganishwa katika shirikisho la Victoria lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Mkulima aliyeijua hesabu kwa Kiswahili alijilinda, asiyeijua aliibiwa. Mwalimu mkali kuliko huyo ni nadra kupatikana.

Sasa tugeukie Kiingereza. Katika shule za wakoloni lugha hii iliwekwa mwishoni mwa ngazi: Kiswahili kilitumika katika madarasa ya chini, na Kiingereza kiliwangoja wachache waliofika juu. Wachache hao ndio ambao hata leo hutajwa kwa sifa, na husemwa kwamba Kiingereza cha zamani kilikuwa Kiingereza kweli. Sifa hiyo yafaa kupewa sababu yake. Chukua shule ya serikali ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920 kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, ambamo Julius Nyerere alisoma kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Kijana wa bweni alikaa na walimu Waingereza, akasikia lugha yao darasani, uwanjani, katika amri na katika maonyo. Kiingereza hakikuwa somo lake tu. Kilikuwa hewa ya siku yake. Kwa hiyo wale wa zamani hawakuwa na vichwa bora kuliko vya vijana wa leo. Walikuwa wachache sana, na walipewa nafasi ya kusikia. Anayewalinganisha na kijana wa leo bila kuitaja nafasi hiyo hatendi haki.

Ulimwenguni kwingine wataalamu walikuwa wameanza kuitambua kanuni hiyo. Harold Palmer, Mwingereza aliyefika Japani mwaka 1922 kuishauri serikali juu ya mafundisho ya Kiingereza, alishikilia kwamba sikio na ulimi vitangulie, kusoma na kuandika vifuate. Mwaka 1943 Shirika la Utangazaji la Uingereza lilianza vipindi vya kufundisha Kiingereza kwa redio. Miaka mingi baadaye, mwaka 1982, Mmarekani Stephen Krashen alieleza kwamba mtu hupata lugha kwa kusikia na kusoma maneno ayaelewayo, yaliyozidi kidogo tu kiasi anachokijua. Neno kubwa katika maelezo hayo ni kuelewa. Mvua ya maneno yasiyoeleweka, hata ikinyesha mwaka mzima, huteleza juu ya sikio kama maji juu ya jiwe.

Nchini kwetu redio ilianza kutangaza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya uhuru ilipewa kazi kubwa ya elimu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kazi hiyo ilifaulu zaidi kwa Kiswahili. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, kampeni ya Wakati wa Furaha iliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo ilishirikisha watu wapatao milioni mbili. Mpango wake ulikuwa rahisi: watu hukutana, husikiliza kipindi, kiongozi huwasomea kitabu kidogo, hujadili, kisha huenda kuchimba choo au kufyeka majani. Aliyesikia alitakiwa aseme, na aliyesema alitakiwa atende. Katika miaka hiyohiyo mikoa ya Ziwa, pamoja na Shinyanga ambayo wakati huo ilichukua sehemu kubwa ya Simiyu ya leo, ilikuwa mahali pa majaribio ya kisomo chenye manufaa yaliyosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968, na vitabu vyake viliandikwa juu ya kazi za watu wenyewe, kama pamba, uvuvi na ufugaji. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba hatukujua namna ya kufundisha kwa sikio. Tulijua, ila hatukuyatumia maarifa hayo kwa Kiingereza.

Kiingereza kilipita njia nyingine. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, uamuzi wa haki na wa busara. Sekondari ilibaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari pia, lakini Serikali haikulikubali shauri hilo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na mwaka huohuo wachunguzi wawili Waingereza, Criper na Dodd, walitoa taarifa kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukijua Kiingereza kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine. Dawa iliyofuata, kwa msaada wa Uingereza, ilikuwa hasa vitabu vyepesi vya hadithi vya kusomwa shuleni. Vitabu ni chakula chema, wala hakuna mwalimu wa lugha atakayevikataa. Lakini aliyekuwa na njaa ya masikio alipewa chakula cha macho.

Mambo yalizidi kuwa mazito kuanzia mwaka 2004, mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari ulipoanza na shule zikajengwa katika kata nyingi. Hatua hiyo ilifungua mlango kwa watoto wa wakulima na wafugaji ambao wazazi wao walipita mbali na sekondari, na hatuna budi kuisifu. Lakini mtoto wa kutwa, ambaye jioni hurudi nyumbani kwenye Kisukuma, huikuta baiolojia kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi historia ya babu zake ilifundishwa vilevile kwa Kiingereza. Anaijua pamba tangu kuipanda mpaka kuipima, kwa kuwa mkoa wake huongoza nchi kwa zao hilo. Akiulizwa sehemu za ua la pamba hiyo kwa Kiingereza, hunyamaza. Kunyamaza kwake huandikwa katika mtihani kuwa ni kutojua. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa maana nchi humpoteza mtu anayejua kwa sababu haikumpa nafasi ya kusikia.

Je, shauri la kusikiliza mazungumzo litamfaa mtoto huyu? Wengine watajibu kwamba sasa tatizo limekwisha, maana simu moja yaweza kumletea mazungumzo ya Kiingereza usiku na mchana. Jibu hilo lina ukweli nusu. Simu humletea sauti ambazo kijiji hakina, na hilo ni neema ambayo kijana wa Tabora aliipata kwa kuacha kwao. Lakini simu haimletei haja. Mazungumzo yaliyotungwa London juu ya gari moshi lililochelewa au chumba cha hoteli humtaka mtoto wa Kimali avumbue mambo mawili kwa pamoja, lugha asiyoijua na maisha asiyoyaona. Mpagazi hakutwikwa mizigo miwili ya namna hiyo. Yeye aliyaona mambo, akatafuta majina yake.

Kwa hiyo historia yaelekea kutushauri hivi. Mazungumzo ya kusikilizwa yaanzie katika mambo ambayo msikilizaji anayajua kwa Kisukuma na Kiswahili: mnada wa ng'ombe, mizani ya pamba, mvua iliyochelewa, mgonjwa zahanatini, nauli ya basi la Bariadi. Yatangulie hayo, na reli ya London ifuate baadaye. Tena yasisikilizwe kwa upweke, bali kwa vikundi kama vile vya mwaka 1973, msikilizaji apewe kazi: apate bei, aeleze nani amekasirika na kwa nini, ajibu kwa maneno yake. Na Kiswahili kisifukuzwe hapo kama mwizi. Kitumike kufungua jambo na kuhakikisha kwamba limeeleweka, kwa sababu lisiloeleweka halifundishi.

Lipo onyo moja la mwisho. Yupo atakayesema: ikiwa kusikia ndiko kunakofundisha, basi watoto wafundishwe masomo yote kwa Kiingereza, wapate kukisikia zaidi. Hoja hiyo huichukua kanuni na kuigeuza kichwa chini. Mwalimu ambaye mwenyewe hana raha na lugha, akisoma ubaoni sentensi ambazo darasa halizielewi, hawapi wanafunzi mazungumzo. Huwapa kelele, na pamoja na lugha huwanyima baiolojia. Kiingereza kama lugha ya kujifunza ni jambo moja. Kiingereza kama mlango pekee wa elimu ni jambo jingine. Wapagazi walijifunza Kiswahili bila mtu yeyote kuwakataza kufikiri kwa Kisukuma. Usukuma haukupoteza kitu kwa kujifunza namna hiyo. Ulipata lugha ya pili, na baadaye ukaitumia kujenga ushirika na kudai uhuru. Kijana wa Kimali anastahili kupewa lugha ya tatu kwa heshima ileile waliyopata wazee wake: aisikie kwanza ikisema mambo yake, kisha aulizwe juu ya mambo ya wengine.