Kihamba cha Wazee na Kaburi la Askari

Apandaye kutoka Kiboriloni kwa njia ya Tsudunyi kuelekea Kidia, katika nchi ya Old Moshi, huliacha soko na barabara kuu iendayo Himo, akaingia katika migomba na mibuni, na humo, kando ya nyumba, huyakuta makaburi ya wenye nyumba. Maana Mchaga hahesabu kwamba mtu amestiriwa kwa taadhima kamili mpaka alazwe katika kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo wake. Dini ya Kikristo, iliyoenezwa huku na wamisionari wa Leipzig tangu mwishoni mwa karne ya 19, haikuing'oa desturi hiyo, bali iliusimamisha msalaba juu ya kaburi lile lile la kihambani. Na Bruno Gutmann, mchungaji aliyeishi Old Moshi miaka mingi hadi 1938, alishika kwamba Injili haina budi kujengwa juu ya udugu wa ukoo, ujirani na rika.

Lakini vita vilileta msiba wa namna nyingine, nao ni msiba wa maiti isiyorudi. Mwaka 1892 mashujaa wa Moshi walilishinda jeshi la Wajerumani na kumwua afisa wao von Bülow; na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Moshi, alinyongwa pamoja na wenzake 18, na wazee wakasimulia kizazi baada ya kizazi kwamba kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Berlin ulilitambua fuvu la mshauri wake, aitwaye Akida, kwa kulilinganisha na wazao wake walio hai; ila la Mangi mwenyewe jamaa zake waliendelea kulitafuta.

Ikaja Vita Kuu ya 1914, ambamo Waafrika walipigana pande zote mbili kwa ajili ya fakhari ya wageni. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts, baada ya mapigano makali katika vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, yaliuingia mji wa Moshi. Na nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi, waliokufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka askari na wapagazi kwa Kiswahili na Kiingereza, wala haitaji jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri, na kuomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na labda hawakukumbukwa kabisa.

Taifa huru lilichukua dhima hiyo kwa namna iliyo bora. Waliouawa katika vita dhidi ya Idi Amin, vya 1978 na 1979, wana maziara yao Kaboya, mkoani Kagera; na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa mkuki na ngao, upinde na mishale kwenye mnara wa mashujaa, na viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, huwaombea marehemu mbele ya wananchi wote.

Kuipenda nchi si kuvisifu vita, wala Mkristo haruhusiwi kuiabudu bendera. Lakini afundishwaye kwamba Mungu amjua kila mtu kwa jina lake hawezi kuridhika na kumbukumbu isiyo na majina. Imani inamfariji kwamba mchanga wa Kaboya hauko mbali na Mungu kuliko mchanga wa kihambani, ila faraja hiyo haimwondolei aliye hai wajibu wake. Kwa hiyo yafaa sharika na parokia za Kilimanjaro, wakati wa Desemba ambapo ahali hurejea kutoka kila upande na kuyasafisha makaburi ya wazee, ziwaulize wazee majina ya waliokwenda vitani wasirudi, wapagazi wakihesabiwa sawa na askari, ziyaandike katika vitabu vya kanisa, na kuyasoma katika ibada mwaka baada ya mwaka. Maana shujaa aliyekosa kaburi katika kihamba chake anastahili walau nafasi katika sala za watu wake.