Kikapu, Rambo na Bahari: Habari za Mfuko katika Soko la Kariakoo



Halmashauri ilinitaka niandike, kwa ajili ya kitabu hiki cha miaka kumi, habari za mauzo yetu mjini Dar es Salaam. Nilipoketi kuandika nikaona kwamba bei za nazi, mihogo na machungwa zimo katika taarifa za kila mwaka, na kila mtu amekwisha kuzisoma. Lakini habari za chombo tunachotilia mazao hayo hazijaandikwa na mtu, nacho ndicho kilichotuletea ugomvi mkubwa kupita wote tangu Chama kianze. Basi nitaeleza habari za mfuko.

Wazee waijua asili ya jina la Kariakoo. Ni neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao Waingereza waliwaweka mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo mahali pale, tangu jina lake, ni mahali pa kubeba. Na watu wakabeba kwa vyombo walivyovijua: pakacha la makuti kwa nazi na madafu, kikapu cha ukindu kwa mboga, kanda kwa nafaka, na kipande cha gazeti au kifuko cha kaki kwa chumvi na sukari. Hata Mwalimu Nyerere alipolifungua mwaka wa 1975 jengo kubwa la soko, alilolichora Bwana Beda Amuli, mwenye kwenda sokoni bila kikapu alikuwa ni mtu asiyekusudia kununua.

Kisha ikaja mifuko ya plastiki. Watu wa mjini wakaiita Rambo, na mingine wakaiita malboro, na inasemekana ni kwa ajili ya picha zilizochapwa juu yake. Ilikuwa myepesi, haikuvuja maji ya samaki, na zaidi ya yote mnunuzi aliipata bure. Sisi wakulima tuliifurahia kama wengine, wala si haki leo kujifanya kwamba tuliichukia. Mama yangu alikuwa msukaji wa vikapu, lakini hata yeye aliporudi sokoni alikuwa na Rambo tatu ndani ya kikapu chake.

Ubaya wake ulionekana baada ya kutupwa. Karibu na Kariakoo liko bonde la Jangwani, na humo hupita mto Msimbazi, utokao katika vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Salenda. Mvua kubwa inyeshapo, takataka za mitaroni hukokotwa mpaka mtoni, na kutoka mtoni mpaka baharini. Huko yupo kasa, na yupo ng'amba, ambao hutaga mayai katika fukwe za nchi yetu. Kasa akiuona mfuko uelea majini, huenda akadhani ni yavuyavu, akaumeza; nao hauyeyuki tumboni, bali huziba, na mnyama hufa kwa njaa hali tumbo limejaa. Wala si bahari yetu peke yake. Wataalamu walikadiria mwaka wa 2015 kwamba plastiki iliyoingia katika bahari za dunia katika mwaka mmoja tu, 2010, ilikuwa baina ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7.

Serikali ilianza kulishughulikia jambo hili mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka wa 2004, na mwaka wa 2006 ikapigwa marufuku mifuko ile myembamba isiyofika unene wa maikroni 30. Nami nilikuwa shuleni wakati huo, na nakumbuka kwamba sokoni hapakubadilika kitu. Sababu yake naiona hivi: maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nani katika Kariakoo, awe muuzaji au mgambo, ana chombo cha kuupimia unene huo? Sheria isiyoweza kupimwa kwa macho hubaki katika karatasi. Rwanda walipiga marufuku kabisa mwaka wa 2008, na Kenya tarehe 28 Agosti, 2017, na sisi tukawa tungali twabishana juu ya wembamba.

Hata tarehe 9 Aprili, 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza Bungeni kwamba kuanzia tarehe 1 Juni mifuko ya kubebea bidhaa itakoma, iwe minene au myembamba. Mwenye kutengeneza au kuingiza nchini aliwekewa faini ya shilingi milioni 20 hadi bilioni 1. Naye mwenye kupatikana akiitumia, shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7.

Hapa sharti nikiri kosa langu. Mwezi wa Machi wa mwaka huo huo mchuuzi mmoja alitujia na bei ndogo mno ya mifuko, nami nikaishauri Halmashauri tununue marobota mawili kwa ajili ya kibanda chetu. Sikujiuliza kwa nini bei ilikuwa ndogo. Mwezi wa Mei tuliisalimisha yote, na fedha zilizopotea zilikuwa za mfuko wa pembejeo. (Msicheke, ndugu, ndivyo uitwavyo.) Katika mkutano mkuu bibi mmoja mwanachama aliinuka akaniuliza, "Mwanangu Katibu, kabla ya kununua, ulituuliza sisi tusukao?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile Chama kikaanza kununua vikapu vya wanachama. Nisiseme kwamba mambo yamenyooka. Ukindu sharti ukatwe, uanikwe, uchanwe, usukwe ukili, kisha ushonwe. Kikapu kimoja chaweza kuchukua siku mbili tatu, na mnunuzi wa Kariakoo aliyezoea cha bure haoni sababu ya kulipa. Wengi walihamia kwenye mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa. Ni mzuri, nao hudumu. Lakini mingi hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki vilevile, na ukichakaa njia yake ni ile ile ya Msimbazi. Tena wajanja wakaanza kutilia nyanya katika vile vifuko vyepesi vya kufungashia, mpaka mwaka wa 2021 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likalazimika kuvikataza visitumike kama vibebeo. Mwezi wa Julai wa mwaka huo soko likaungua, wauzaji wakatawanyika, na usimamizi ukawa mgumu zaidi. Hata hivyo, apitaye leo katika mitaro ya Jangwani haoni tena zile Rambo zilizoning'inia katika kila kichaka, na hilo si jambo dogo.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu wenyewe. Kanuni za 2019 ziliacha nje plastiki za kilimo, kwa hiyo viriba vya miche havikuguswa. Kitalu chetu cha mikorosho hutumia viriba hivyo kila mwaka. Mche ukipandwa, kiriba huchanwa na kuachwa pale pale shambani, na vijito vya mashamba yetu pia huteremka baharini. Wanachama wawili wamekwisha kujaribu kupanda miche katika vifuko vya majani ya mgomba. Mingine iliota vizuri, mingine ilioza kabla ya kupandwa. Hesabu kamili italetwa mbele ya mkutano mkuu, na safari hii wasukaji wataulizwa kwanza.