Waliosalia Walisimama Arusha



Wengi wetu tumesoma vile vitabu vya katuni vya Marekani. Hadithi ni ile ile: kabila zima linaangamizwa, mtoto mmoja anasalia, na huyo akikua ndiye anayewaangusha wauaji. Sisi wa madrasa tulikwishaisikia katika Suratul Qasas. Firauni alichinja watoto wa kiume wa Bani Israil, kumbe Nabii Musa (a.s.) analelewa humo humo nyumbani kwake.

Lakini katuni humpa yule aliyesalia ngumi tu. Hapa jirani mambo yalikwenda vingine.

Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa Taba, Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Alikamatwa Zambia 1995, akapelekwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha. Mashtaka ya kwanza hayakutaja ubakaji hata kidogo. Ni akina mama wa Taba waliokuja kutoa ushahidi ndio walioyasema (na kusema jambo hilo mbele ya wanaume wageni si mchezo), hadi 1997 mashtaka yakaongezwa.

Tarehe 2 Septemba 1998 akapatikana na hatia. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ubakaji ukahesabiwa kuwa sehemu yake. Akafungwa maisha.

Mashahidi wale majina yao yalifichwa kwa usalama wao. Kwenye hukumu wameandikwa kwa herufi tu.