Bakuli la Mgeni

Wahenga wametuachia neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili husemwa sana wakati wa kukaribisha, lakini ni nadra mtu kuuliza iwapo mgeni naye alipona. Historia ya kilabu kidogo cha Kijapani kiitwacho izakaya, na ya bakuli la tambi liitwalo rameni, inalileta swali hilo mezani.

Izakaya ndiyo kongwe. Jina lake limeungwa kwa maneno matatu: kukaa, pombe ya mchele na duka. Hapo kale mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, pombe iliuzwa kwa kipimo na mnunuzi akaenda nayo kwake. Baadaye wenye maduka waliwaachia wateja wanywe papo hapo, kisha wakawawekea vitoweo vya bei ndogo, kama vile tofu ya soya iliyochomwa katika vijiti na kupakwa miso. Edo ulikuwa mji wa wanaume. Tangu mwaka 1635 sheria iliwalazimisha watawala wa majimbo kukaa huko kwa zamu, nao walifuatana na watumishi wengi. Mafundi na vibarua walimiminika vilevile kuujenga mji ulioungua mara kwa mara. Mtu asiye na mke wala jiko alihitaji mahali pa kula na kusikilizwa. Hesabu ya mwaka 1811 ilikuta izakaya 1,808.

Rameni ilikuja kwa njia ya bahari. Bandari ya Yokohama ilipofunguliwa mwaka 1859, Wachina waliingia wakiwa makarani, mafundi na wapishi, wakajenga mtaa wao. Tambi zao za ngano zilikandwa kwa maji ya magadi, ambayo huzipa rangi ya manjano na ukakamavu, zikatiwa katika mchuzi wa mifupa. Wajapani walikuwa wamejiepusha na nyama nyingi kwa karne kadhaa, tangu amri ya Mfalme Tenmu ya mwaka 675. Mwaka 1872 ilipoenea habari kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, mwiko huo ulianza kulegea.

Mwaka 1910 Ozaki Kan'ichi, aliyewahi kufanya kazi ya forodha Yokohama, alifungua mkahawa wa Rairaiken katika mtaa wa Asakusa, Tokyo. Aliwaajiri wapishi wa Kichina, na wafanyakazi wa mji wakaipenda tambi ile ya bei nafuu. Waliiita soba ya Shina, yaani tambi ya China. Ila neno Shina lilizidi kubeba dharau kadiri Japani ilivyozidi kuikandamiza China.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa liliivunja Tokyo na Yokohama. Uvumi ukazuka kwamba wageni wanatia moto na sumu. Wakorea kwa maelfu na Wachina kwa mamia waliuawa na raia, polisi na askari. Tambi hazikuguswa, walioguswa ni watu wa nchi zilikotoka. Wauzaji walionusurika walitawanyika mikoani, na chakula chao kikatawanyika nao.

Baada ya vita kumalizika mwaka 1945, mchele ulikuwa haba. Unga wa ngano wa Marekani uliingia kwa wingi, na sehemu yake ikapenya katika masoko ya magendo. Wajapani waliorejea kutoka China walisukuma mikokoteni ya tambi usiku. Jina la zamani, kwa kuwa lilikuwa na tusi, likaachwa taratibu. Mwaka 1958 Ando Momofuku, aliyezaliwa Taiwani wakati kisiwa hicho kilipokuwa koloni la Japani, alianza kuuza tambi zilizokaangwa zikakauka, zinazoiva kwa maji ya moto tu. Hivyo ndivyo bakuli la mgeni lilivyofika ulimwenguni kote likiwa na jina la mwenyeji.

Leo anayeinamisha kichwa chini ya pazia la izakaya, penye taa nyekundu ya karatasi, huketi bega kwa bega na asiyemjua. Na wengi wakitoka hapo huumaliza usiku kwa bakuli la rameni. Hata Mwislamu asiyegusa nguruwe wala pombe hupata Tokyo mikahawa iliyompikia mchuzi wake.

Watu wa pwani, ambao biriani na sambusa zao nazo zilivuka bahari, hawahitaji kufundishwa jinsi chakula kinavyopata uraia. Huupata upesi, bila hati wala shahidi. Aliyekibeba chunguni hungoja zaidi mlangoni, na pengine hupigwa na mkono uleule uliopokea bakuli. Mwenyeji aliyepona ana deni la kulikumbuka jina la aliyemponya.