Kuhitaji si Kungoja: Vita Vilivyobadilisha Jinsi Linux Inavyoamka

Wasee, juzi nimelala saa tisa usiku juu ya mstari mmoja. Ka-programu kangu kalikuwa kakianza vizuri nikikawasha kwa mkono, lakini seva ikizimwa na kuwashwa upya, kanafeli. Kwa faili nilikuwa nimeandika Requires, yaani kanahitaji databesi. Sasa shida iko wapi?

Ili uelewe, turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi, Linux nyingi ziliamshwa na init ya mtindo wa System V, urithi kutoka Unix ya miaka ya 1980. Skripti zilipangwa kwa namba, moja ikimaliza ndipo inayofuata inaanza. Foleni tu. Mmoja akikwama mbele, nyinyi wote nyuma mnangoja. Na huduma ikifa baadaye, mara nyingi hakuna aliyeangalia.

Mwaka 2006 Ubuntu ikaleta Upstart. Halafu Aprili 2010, Lennart Poettering, akisaidiana na Kay Sievers, akatangaza systemd. Hakuficha kwamba launchd ya Apple ilimpa mawazo.

Systemd inaona kila kitu kama yuniti, na kila yuniti ina hali yake: imelala, inaamka, iko hai, inazimika, ama imefeli. Ukitoa amri, haikimbii kuitekeleza. Kwanza inakusanya kazi zote zinazohusika, inaangalia kama zinagongana, kama A inangoja B na B inangoja A. Ikipata mzunguko kama huo, inajaribu kutoa kazi isiyo ya lazima. Ikishindwa, inakataa amri yako.

Na hapa ndipo nilipoanguka. Kuhitaji na kungoja ni vitu viwili tofauti. Fikiria ugali: unahitaji maji, sawa, lakini pia lazima yachemke kwanza. Requires inasema maji yawepo. After ndiyo inasema subiri. Ukiandika ya kwanza pekee, systemd inawasha zote mbili pamoja, na wewe unabaki na mabonge. Nikaongeza After, kakasimama. Mstari mmoja, manze!

Lakini si wote walifurahia. Wakosoaji walisema programu moja inameza kazi nyingi mno, kinyume na desturi ya Unix ya kila kifaa kufanya kazi moja vizuri. Fedora iliichukua mwaka 2011. Kwa Debian, Februari 2014, kamati ya ufundi iligawanyika katikati, na kura ya turufu ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua systemd ipite. Wengine wakatoka wakaanzisha Devuan.

Maoni yangu? Wakosoaji walikuwa na hoja. Kitu kikubwa hivyo kikiharibika, kinaharibika vibaya. Lakini foleni ya zamani ilificha ukweli: mpangilio ulikuwa kwa namba tu, na sababu ilibaki kichwani mwa aliyeipanga. Akihama kazi, anaondoka nayo. Systemd inakulazimisha uandike nani anamhitaji nani, na nani anamngoja nani.

Kwa sisi tunaojifunza usiku na laptopu za mtumba, bila mwalimu wa kuuliza, hiyo ni kubwa. Sababu ikiandikwa, hata mgeni anaweza kuisoma. Hebu fungua faili moja leo uone.