Tope Lililobaki Tumboni mwa Injini

Kuna kauli ambayo nimeisikia mara nyingi kwa vijana wenye magari, na mara nyingine kwa watu wazima ambao walipaswa kujua zaidi, kwamba wazee wetu hawakujua kutunza mashine. Ushahidi wanaoutoa ni yale mabaki yaliyofunikwa na majani nyuma ya ofisi, shule na misheni: Land Rover zisizo na magurudumu, matrekta yaliyozingirwa na miiba, malori yaliyogeuzwa mabanda ya kuku. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mwanachuo aliyeniletea hitimisho la namna hiyo bila kupekua nyaraka nilimrudishia daftari lake. Katika jambo hili nyaraka zipo. Nyingine zimeandikwa kwa wino, nyingine kwa oili.

Mwaka 2014 nilinunua Volkswagen ya mgongo wa kobe, aina ya 1300 ya mwaka 1972, kutoka kwa mjane wa mwalimu mwenzangu. Gari lilikuwa limelala kibandani tangu 1992. Pamoja na ufunguo, shemeji alinikabidhi daftari la shule ambamo marehemu alikuwa akiandika, kwa mwandiko wake ulionyooka kama wa ubaoni, kila alichokifanyia gari lake: tarehe, kilomita, kiasi cha oili, bei.

Anayeijua injini ya gari hilo anajua kwamba haina chujio la oili la kubadilisha kama magari ya leo. Ina wavu tu, uliokaa chini kabisa na kushikiliwa na bamba la mviringo lenye nati sita. Oili yake ni lita mbili na nusu, na kila unapoimwaga unatakiwa ulifungue bamba hilo, utoe wavu na kuuosha. Kwa hiyo mwenye gari hana budi kuutazama uchafu wa injini yake kwa macho. Katika magari mengi ya sasa uchafu huo hufichwa ndani ya kopo la bati na kutupwa bila mtu kuuona, na mimi naona tumepoteza somo.

Tulipofungua nati zile, mimi na fundi wangu, oili iliyotoka haikufika hata lita moja. Nyingine ilikataa kutoka. Ilikuwa imeganda kama ukoko wa ugali uliolala sufuriani, nyeusi kwa juu na kijivu kwa chini. Fundi aliikwangua kwa bisibisi, akaisugua kati ya vidole, akasema, "Mwalimu, hii si oili tena. Hii ni lami." Kisha akachongoa kipande kirefu, akaonyesha mstari mmoja mnene na kunitania kwamba ile ndiyo Vita ya Kagera. Tope la oili halina tabaka za miaka kama udongo wa mto, na yeye alilijua hilo. Hata hivyo utani wake haukuwa mbali sana na ukweli.

Hebu tuone tope hili hutoka wapi. Oili inapopata joto na kukutana na hewa huchakaa, na kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya kuchakaa huongezeka takriban mara mbili. Masizi ya petroli hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka chini. Vumbi la barabara huingia. Tena kuna maji, jambo linalowashangaza wengi: lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo mengi huenda na moshi, lakini mengine hubaki ndani ya injini iliyo baridi. Katika nyanda zetu za juu za kusini, ambako asubuhi za Juni na Julai hung'ata vidole, gari linaloendeshwa kilomita mbili hadi kazini na kuzimwa halipati joto la kuyakausha maji hayo. Ukifungua kifuniko cha oili utakuta povu zito la rangi ya uji wa maziwa. Ule ukijivu nao una asili yake. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na chumvi za risasi zilizama pamoja na uchafu mwingine. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006.

Dawa ya yote haya ni moja tu na ilijulikana tangu mwanzo: mwaga oili mapema, tia mpya. Daftari la marehemu laonyesha kuwa aliijua. Kuanzia 1974 hadi 1977 alimwaga oili kila baada ya kilomita 5,000, na aghalabu kabla ya hapo. Wavu umeoshwa, gasketi mbili mpya zimewekwa, yote yameandikwa. Mtu asiyejua kutunza mashine haandiki hivyo.

Kisha maandishi yanabadilika. Mwaka 1979 kuna mwago mmoja tu. Mwaka 1980 hakuna hata mmoja; pana nyongeza tu, robo lita hapa, nusu lita pale, na bei zinazopanda kama moshi. Mwaka 1982 ameandika kwamba ametia oili ya trekta aliyopewa na jamaa yake. Kati ya Machi 1981 na Desemba 1984 wavu haukufunguliwa kabisa, na naweza kukisia sababu: ukilifungua bamba, oili yote inamwagika, na hakuwa na nyingine ya kurudishia.

Mwenye umri wangu hahitaji kuelezwa yaliyokuwa yakitokea, lakini vijana wavumilie. Bei ya mafuta ghafi ilipanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, ikapanda tena 1979 baada ya mapinduzi ya Iran. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, nasi tukaingia katika vita vilivyotufikisha Kampala Aprili 1979 na kutuachia hazina tupu. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kilikuwa kikisafisha mafuta tangu 1966, lakini mafuta ghafi yalinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo hazikuwapo. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, na mikanda ikaendelea kukazwa. Magari ya binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa 8 mchana.

Chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo kilikuwa na lori moja. Ndilo lililoleta mahindi na maharage ya wanachuo. Dereva wake, mtu mzima na makini, alikuwa akiiweka oili chafu katika debe ituame kwa wiki kadhaa, akaichuja kwa kipande cha kanga na kuirudisha kwenye injini. Alijua kwamba kitambaa hakitoi asidi wala masizi laini. Alijua pia kwamba stoo ina unga wa siku 9. Lori lilikwenda hivyo misimu miwili, kisha beringi za kranki zikalia, injini ikakwama njiani, na wanachuo wakarudishwa makwao wiki tatu kabla ya likizo. Lori hilo ni mojawapo ya mabaki wanayoyanyooshea kidole.

Sisemi kwamba uzembe haukuwapo. Wapo waliouza oili ya umma kwa walanguzi, na wapo waliopewa gari jipya na kulipeleka mtaroni. Lakini mzembe hasubiri 1979 ili aanze uzembe wake, na daftari lile lina kitu kingine cha kunishawishi: baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, oili ikaanza kuonekana madukani, na Desemba mwaka huohuo marehemu akafungua wavu. Akarudia utaratibu wake wa kilomita 5,000 kana kwamba hakuwahi kuuacha. Tope lililokwisha kuganda halikumsubiri.

Fundi alitaka tuisafishe injini kwa dizeli na kuiwasha. Nilikataa, kwa sababu tope likibanduka kwa vipande huziba wavu, na injini iliyokosa oili kwa dakika chache huharibika zaidi ya iliyochafuka kwa miaka. Tuliifungua yote. Kranki ilikuwa nzima. Ringi zilikuwa zimegandamana na pistoni kwa masizi, na silinda mbili zimekwaruzika, basi tukabadilisha silinda zote nne pamoja na pistoni zake.

Namwaga oili kila kilomita 2,000, kwa kuwa oili za leo zina dawa zinazoubeba uchafu na kutoka nao. Nayaandika hayo katika daftari lilelile, chini ya mistari yake. Mara ya mwisho wavu ulitoka na chembe chache za kijivu, ngumu kidogo, ambazo si za wakati wangu.