George Bush wa Puget Sound na Hati ya Ekari 640

Mhariri wetu aliponiandikia kuniomba makala ya historia, nadhani alitaraji habari za waanzilishi wa shule yetu. Kazi hiyo wakubwa zangu wamekwisha kuifanya katika matoleo yaliyopita, tena kwa ufundi unaonishinda. Mimi ni mtumishi wa serikali, siku zangu hupita katikati ya majalada ya mashamba na viwanja, na kwa muda wote huo nimeona kuwa historia ya nchi husomeka vyema ukiuliza nani aliandikiwa hati ya ardhi na nani hakuandikiwa. Kwa hiyo nimemchagua mlowezi mmoja wa Marekani aitwaye George Washington Bush. Si yule Rais, wala baba yake.

Vijana mlio shuleni sasa, na sisi tuliowatangulia, sote tumemwona mlowezi wa Kimarekani katika sinema: kofia pana, bunduki mkononi, ng'ombe wengi, na daima ni Mzungu. Bush alikuwa mtu mweusi. Alizaliwa Pennsylvania mwishoni mwa karne ya 18. Yasimuliwa kuwa baba yake, mtu mweusi, na mama yake, mwanamke wa Ireland, walikuwa watumishi katika nyumba ya tajiri wa Philadelphia. Katika ujana wake alitembea sana magharibi katika biashara ya ngozi za wanyama, kisha akatulia Missouri akifuga na kulima. Mwaka 1831 alimwoa Isabella James, mwanamke mweupe mwenye asili ya Kijerumani, na mwaka uliofuata akazaliwa kifungua mimba wao, William Owen. Watoto wengine wa kiume wakafuata.

Missouri lilikuwa jimbo la utumwa. Bush hakuwa mtumwa, na mali alikuwa nayo, lakini mtu mweusi huru katika nchi ya watumwa hana usingizi, hasa akiwa na watoto. Mwaka 1844 akauza alichoweza kuuza, akafunga magari yanayokokotwa na maksai, akaingia katika msafara wa kwenda Oregon, mwendo wa kama maili 2,000. Inasimuliwa kwamba chini ya sakafu ya gari lake alificha dola za fedha nyingi, na kwamba baadhi ya majirani zake weupe wasingeweza kusafiri kama si yeye kuwasaidia gharama. Miongoni mwao alikuwamo rafiki yake Michael Simmons.

Kijana mmoja wa msafara ule, John Minto, aliandika baadaye kwamba Bush alimwambia njiani kuwa akifika Oregon atatazama kwanza watu weusi wanatendewaje. Kama hawatendewi haki, atashika njia aende kujiweka chini ya serikali ya Meksiko, kwani wakati huo California ilikuwa yake. Maneno hayo mimi huyapenda kuliko habari zote za ushujaa wa njiani. Ni maneno ya mtu mwenye familia, ambaye kabla ya kuuliza kama udongo una rutuba huuliza sheria inasemaje.

Na sheria ilikuwa inamngoja. Juni 1844, naye akiwa bado njiani, serikali ya muda ya walowezi wa Oregon ilipitisha amri ya kuwaondoa watu weusi. Wanaume walipewa miaka 2 kuondoka, wanawake miaka 3. Atakayekaidi achapwe viboko visivyopungua 20 wala kuzidi 39, na adhabu irudiwe kila miezi 6 mpaka atoke. Mwenye kuipigania sheria hiyo, Peter Burnett, alikuja kuwa gavana wa kwanza wa jimbo la California. Adhabu ya viboko ilibadilishwa kabla ya mwaka ule kwisha, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1845, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Familia ya Bush ilipitisha majira ya baridi karibu na mto Columbia. Sheria ya walowezi ilikuwa na nguvu kusini ya mto. Kaskazini yake Wamarekani walikuwa hawajakaa, na wenye nguvu huko walikuwa Waingereza wa Kampuni ya Hudson's Bay. Simmons na wenzake, familia chache za watu kama 30, wakaamua kwenda kaskazini pamoja na Bush badala ya kumwacha. Mwisho wa mwaka 1845 wakafika penye maporomoko ya maji kusini ya ghuba ya Puget Sound, mahali panapoitwa leo Tumwater. Bush akachagua uwanda wa nyasi jirani, nao ukaitwa Bush Prairie.

Hapa wasimulizi wengi hupita mbio, kana kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya watu wa Nisqually, wavuvi wa samoni na wafugaji wa farasi, na mmoja wa wakuu wao alikuwa Leschi. Baridi ile ya kwanza walowezi hawakuwa na mavuno. Walikula kwa mkopo wa nafaka, mbaazi na viazi kutoka ngome ya kampuni ya Waingereza, na kwa msaada wa watu wa Nisqually waliowaonyesha vyakula vya pwani na vya msituni. Familia ya Bush ilikaa nao kwa ujirani, watoto wakajifunza lugha yao, na mtoto wa mwisho wa kiume, aliyezaliwa huko huko, akapewa jina la Lewis Nisqually.

Shamba likastawi. Kwa kushirikiana na Simmons wakajenga kinu cha kusagia nafaka cha kuendeshwa kwa maji, kisha cha kupasulia mbao. Mwaka 1852 walowezi wapya walipofurika na chakula kikawa haba, walanguzi walimwendea Bush wanunue nafaka yake yote kwa bei ya juu. Akakataa. Akawagawia wageni chakula na mbegu, mwenye fedha alipe, asiye nazo arudishe atakapovuna.

Lakini mpaka ulikuwa umemfuata. Mwaka 1846 Uingereza na Marekani zilikubaliana kugawana nchi ile kwenye latitudo ya 49, na Bush akajikuta tena chini ya sheria alizozikimbia. Mwaka 1850 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kugawa ardhi bure Oregon: ekari 320 kwa mwanamume, na 640 akiwa na mke. Sharti mojawapo lilikuwa mpokeaji awe mweupe, au mchanganyiko wa damu ya mweupe na mwenyeji. Bush, aliyefika kabla ya karibu wote, hakuwa na haki hata ya jaruba moja. Mgeni yeyote aliyeshuka jana angeweza kudai shamba lile lililolimwa miaka mitano.

Eneo la Washington lilipotengwa na Oregon mwaka 1853 na kupata baraza lake la kutunga sheria, wajumbe waliomjua Bush walimkumbuka. Mwaka 1854 waliliandikia Bunge la Marekani kuliomba limpe ardhi yake, wakitaja alivyowasaidia wenye shida. Tarehe 10 Februari 1855 ikapitishwa sheria ya peke yake, kwa ajili ya mtu huyo mmoja na mkewe: ekari 640. Haki ya kupiga kura hakuipata hata hivyo, hadi kufa kwake.

Sasa tuweke jalada la pili juu ya meza. Tarehe 26 Desemba 1854, wiki chache tu kabla ya hati ya Bush, Gavana Isaac Stevens aliwakusanya watu wa Nisqually, Puyallup, Squaxin na jirani zao penye kijito cha Medicine Creek, wakawekewa mkataba wa kuachia zaidi ya ekari milioni 2. Mkataba ulifasiriwa kwa lugha ya Chinook ya sokoni, yenye maneno mia chache ya biashara. Anayekijua Kisetla cha mashamba ya Kenya ya zamani ajaribu kueleza kwa lugha ile maana ya kuachia nchi milele. Watu wa Nisqually wote walibakiziwa ekari 1,280, juu ya kilima chenye msitu, mbali na malisho ya farasi na mto wao wa samaki. Yaani kabila zima lilipewa sawa na mashamba mawili ya Bush.

Vita vikazuka Oktoba 1855. James McAllister, mmoja wa wale waliofika na Bush, aliuawa siku za mwanzo alipokuwa katika kikosi cha kumtafuta Leschi. Familia ya Bush haikuguswa. Mwaka 1856 serikali iliongeza ardhi ya Nisqually na kuwarudishia mto, lakini Leschi alikamatwa, akashtakiwa kwa kumwua askari mmoja wa walowezi. Wazee wa baraza la kwanza walishindwa kuafikiana. Kesi ya pili ikamtia hatiani, naye akanyongwa tarehe 19 Februari 1858. Wana wa Bush walipozeeka bado walimtaja Leschi kuwa rafiki mkubwa wa nyumba yao.

Bush alifariki mwaka 1863, na Isabella mwaka 1866. William Owen akaendeleza kilimo, ngano yake ikapata tuzo katika maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. Washington ilipokuwa jimbo kamili mwaka 1889 alichaguliwa katika bunge lake la kwanza, akatoa mswada wa chuo cha kilimo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mtoto wa mtu asiyeruhusiwa kupiga kura ndiye aliyepigiwa kura. Mwaka 2021 Bush alijengewa mnara katika viwanja vya makao makuu ya jimbo, mjini Olympia.

Leschi naye, tarehe 10 Desemba 2004, mahakama ya kihistoria iliyoketi pamoja na jaji mkuu wa jimbo ilitamka kwamba hakustahili kushtakiwa kwa mauaji, kwa kuwa ilikuwa vita. Mifupa yake ilikuwa imezikwa upya mwaka 1895 katika ardhi ya Nisqually. Mwaka 1917 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilichukuliwa kwa ajili ya kambi ya jeshi, na kaburi likahamishwa tena, kwenda kwa jirani zao wa Puyallup. Bush amelala Tumwater.